Nani Aligundua Kilimanjaro?

Katika vitabu vingi vya jiografia imeandikwa kwamba mlima wa Kilimanjaro uligunduliwa na Johannes Rebmann mwaka 1848. Sentensi hiyo ni fupi, na wanafunzi huikariri upesi. Lakini yafaa tuipime, kwa kuwa ndani yake mna ukweli na upungufu pia.

Rebmann alikuwa mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, mahali ambapo kwetu sisi wa Kibarani na Kilifi si ugenini. Mwezi wa Aprili 1848 alishika njia ya kwenda Uchagani pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wake, Bwana Kheri. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona weupe wa ajabu juu ya kilele, mfano wa wingu zuri. Alipomwuliza kiongozi, alijibiwa neno moja tu: baridi. Papo hapo akatambua kwamba ile ilikuwa theluji.

Hapa ndipo penye sifa ya maandishi yake. Mwandishi mwenye kiburi angaliweza kulificha jibu la kiongozi na kujitwalia utambuzi wote. Rebmann hakufanya hivyo. Alituachia neno la Bwana Kheri, nasi twaona wazi kwamba maarifa ya watu wawili yalikutana: mmoja hakuwa na jina la theluji lakini aliijua tabia yake, mwingine alikuwa na jina, akahitaji kuambiwa tabia ya kitu alichokiona kwa mbali. Katika safari yake ya pili, mwezi wa Novemba mwaka ule ule, alijifunza zaidi: Wachaga walikuwa na jina lao, Kibo.

Habari hizi zilipochapishwa London mwaka 1849, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakupata kufika Afrika ya Mashariki, alizikataa. Theluji karibu na ikweta ingewezekanaje? Hata Ludwig Krapf alipouona mlima Kenya wenye theluji kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, Cooley hakukubali. Tusimlaumu kwa kuona shaka, maana shaka ni mlango wa elimu. Kosa lake ni kuzitukuza hoja za vitabuni juu ya ushahidi wa macho, na wahenga walisema kusikia si kuona. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mlima ule kiasi cha mita 4,300, na theluji ikawaangukia.

Sasa tulipime neno lenyewe, kugundua. Katika Antaktika, nchi ya barafu kwenye ncha ya kusini ya dunia, uko mlima Vinson wenye mita 4,892. Ulionwa kutoka katika ndege ya Marekani mwaka 1958, ukapewa jina la Carl Vinson, mbunge wa nchi hiyo. Huko hapakuwa na mwenyeji wa kuulizwa, wala jina la zamani la kufutwa. Kwa hiyo neno kugundua lafaa. Uchagani watu walikuwako. Hata hivyo, Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikipa kilele jina la Kaiser Wilhelm wa Ujerumani. Baada ya Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961, jina hilo liliondolewa, kilele kikaitwa Uhuru. Jina la Kibo halikuhitaji kurudishwa, maana halikutoka midomoni mwa wenyewe.

Basi, msomaji, tuseme hivi: Rebmann alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro. Hiyo ni heshima ya kutosha, nayo ni kweli. Tukisema zaidi ya hapo, twamnyima Bwana Kheri haki ambayo Rebmann mwenyewe hakumnyima.