Kasiksi Haikimbizwi

Njia ya miguu kutoka nyanda za juu za Itombwe hadi mji wa Uvira, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, huteremka kwa muda mrefu, na kuteremka huumiza magoti kuliko kupanda. Kule juu kuna baridi, ukungu na ng'ombe; Ziwa Tanganyika liko chini kabisa, kwenye mita 770 hivi. Msafiri akianza kuiona migomba, anajua kituo kipo karibu, na kasiksi ipo: pombe ya ndizi ya Kivu.

Mama mmoja anayeitengeneza kwenye mteremko juu ya mji aliniruhusu nitazame. "Keti, mwanangu," alisema, "lakini usiniulize itakuwa tayari lini."

Kazi yake huanzia shambani. Ua dume la mgomba hulivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa kuwa panga hubeba mnyauko kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Ugonjwa huo ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, na umeshafika Kivu Kusini.

Mikungu ikikomaa, huchimba shimo na kulipasha moto kwa majani makavu. Majivu huyazoa, akatandika majani mabichi, akapanga chane moja moja, akafunika kwa majani tena na udongo. Baada ya siku tatu hivi alifukua upande mmoja, akaingiza mkono, akabonyeza ndizi moja, akafukia. Ganda lilikuwa la njano; mimi ningezitoa. Yeye alizitoa kesho yake. Ndizi ambayo haijaiva haina sukari ya kutosha, na iliyoiva kupita kiasi hugeuka uji usioachia maji. Muda ulio katikati ni mfupi, naye huupima kwa kidole gumba.

Ndipo kukamua. Ndizi zilizomenywa huingia kwenye mtumbwi mfupi uliochongwa kwenye gogo, pamoja na nyasi ndefu ngumu zilizooshwa. Anakanda kwa viganja, anakunja, anasukuma, anarudia. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea ila rojo zito linalonata mikononi. Haongezi nguvu, wala hapunguzi. Kisha rojo linakatika ghafla: nyasi zinashika nyama ya ndizi, na maji matamu, karibu meupe, yanatiririka chini. Sijaona badiliko la haraka hivyo likitoka katika kazi ya polepole hivyo.

Maji hayo huyachuja, akayapunguza makali kwa maji safi kidogo, akatia mtama uliokaangwa na kusagwa bila kulainishwa. Mtama huleta rangi, ladha na chachu. Chombo hufunikwa kwa majani ya migomba na kuachwa, kwa kawaida siku moja hadi tatu. Baridi ikizidi chachu huzembea. Joto la ziwani huiharakisha. Hana kipimajoto. Aliinama, akasikiliza povu, akanusa, akarudisha majani. Wasafiri wawili waliokuwa wakingoja walinyamaza.

Chupa ya bia ya Primus ina ladha ileile kila siku, na hiyo nayo ni kazi ya ufundi. Kasiksi hubadilika kwa mkungu, mvua na mkono. Niliyopewa ilikuwa na uchachu mwembamba, harufu ya mtama uliokaangwa, na utamu uliobaki kidogo tu nyuma ya ulimi.

Baada ya siku chache huanza kuwa siki, kwa hiyo haivumilii rafu za dukani. Anayeitaka aifuate mwenyewe, angoje ifunguliwe, na alipe bei iliyotajwa bila kuomba kupunguziwa.