Bahati na Akili katika Mario Party

Mchezo wa Mario Party, uliotolewa Japani mwaka 1998, hushutumiwa kuwa hauna haki. Mtu hushinda michezo midogo, akanunua nyota kwa sarafu 20 kila moja. Kisha, mchezo ukiisha, nyota tatu za ziada humvusha mwenzake. Mbili kati ya hizo hulipa sarafu na ustadi. Ya tatu humwendea aliyekanyaga mara nyingi zaidi nafasi za alama ya kuuliza, yaani aliyependelewa na dadu tu.

Shutuma hiyo ni ya mcheza bao. Katika bao la kete 64 hamna dadu. Aliyefungwa amefungwa na akili ya mwenziwe. Wasukuma wa Shinyanga, wenye isolo yao, wataiafiki upesi.

Lakini mchimbaji mdogo wa Geita hatashangaa. Yeye ajua kuwa shimo la jirani laweza kutoa dhahabu na lake, lililochimbwa kwa ustadi uleule, likatoa mawe matupu. Kuhusu bahati, basi, mchezo huu wasema kweli kuliko bao. Uongo wake uko kwingine, wala wahakiki hawaugusi: sarafu za mchezaji hazishuki chini ya sifuri. Aliyekosa hadaiwi na mtu; naye mchimbaji aliyechimba kwa fedha ya kukopa hutoka shimoni na deni.