Ametemwa na Nani? Uhakiki wa Lugha ya Dirisha Dogo

Msimu wa ligi unapofika katikati, kurasa za michezo za Kiswahili hujaa habari za dirisha dogo la usajili. Wanafunzi wetu hapa Kampala huzisoma kwa hamu, nasi walimu huzitumia darasani, kwani lugha yake ni changamfu. Msamiati kama "dirisha dogo" na "kwenda kwa mkopo" unaeleweka hata kwa anayeanza kujifunza.

Hata hivyo, lugha hiyo ina kasoro moja kubwa: ni nyepesi wa kuhukumu na mzito wa kupima. Tunasoma kwamba mchezaji "ametemwa". Kitemwacho ni ganda au mfupa. Isitoshe, kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Ametemwa na nani? Kwa kipimo gani? Mwingine huitwa "garasa", yaani karata isiyo na thamani, na mjadala hufungwa hapo.

Tumchukue Emmanuel Okwi, mshambuliaji wa Uganda. Desemba 2013 alijiunga na Yanga msimu ukiendelea. Mwaka 2014 akarudi Simba. Mwaka 2015 akaenda SønderjyskE ya Denmark, ambako hakupata nafasi ya kudumu. Aliyemhukumu kwa kipindi hicho pekee angemwita garasa. Lakini alirejea Simba mwaka 2017, na katika msimu wa 2017/18 akafunga mabao 20, akawa mfungaji bora, na Simba ikatwaa ubingwa.

Mchezo wa besiboli unaweza kutufunza jambo. Uganda si wageni nao: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Marekani. Katika besiboli, mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika kila 10 huhesabiwa hodari. Anayemtathmini hana budi kutaja idadi, kwa sababu kushindwa ni sehemu ya kazi. Na kuanzia tarehe 1 Septemba, msimu ukielekea ukingoni, kila timu ya ligi kuu ya Marekani huongeza kikosi kutoka wachezaji 26 hadi 28. Aliyeshushwa ligi ya chini aweza kuitwa tena.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Waganda wengi wa rika la wazazi wetu walikisikia Kiswahili kwanza katika amri za askari. Tukiwafundisha watoto wao kutema watu kwa neno moja, tutakuwa tumeirudisha lugha kule kule.

Tunapendekeza zoezi hili: mwanafunzi achague habari moja ya usajili, aiandike upya katika kauli ya kutenda, amtaje aliyeamua, na aeleze kipimo kilichotumika. Mahali atakapokosa la kuandika, ndipo mwandishi wa habari alipokosa ushahidi.