Ar-Risala na Lenzi Iliyokaa Pasipo Pake

Kosa kubwa la kiufundi katika Ar-Risala, filamu ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976, ni kuifanya lenzi ya kamera kuwa macho ya Mtume Muhammad (S.A.W.). Mengine katika filamu hiyo yana hoja za huku na za huku. Hili halina utetezi. Kikundi cha sinema cha kijijini kinachotaka kuzungumza juu ya imani kwa kutumia filamu, kiwe Kizingitini, Faza au Siyu kisiwani Pate, hakina budi kulitazama kwanza, maana ndilo linaloamua mtazamaji anakaa wapi mbele ya jambo tukufu.

Uamuzi wenyewe ulitokana na nia njema. Filamu inafunguliwa kwa tangazo kwamba walioitengeneza wanaheshimu mila ya Kiislamu, na kwamba Mtume hataonyeshwa. Sauti yake pia haisikiki. Wake zake hawaonekani, wala Ali, wala makhalifa wa mwanzo. Akkad, mzaliwa wa Aleppo, alipiga filamu mbili sambamba kwa vikosi viwili vya waigizaji: ya Kiingereza, Anthony Quinn akiwa Hamza na Irene Papas akiwa Hind, na ya Kiarabu, Abdullah Gaith na Muna Wasif wakishika nafasi hizo. Kazi ilianzia Morocco ikamalizikia Libya. Kila tukio lilipigwa kwa waigizaji wa huku kisha wa kule, na kosa la lenzi likaingia katika matoleo yote mawili.

Mahali linapoonekana waziwazi ni Madina, msikiti unapojengwa. Watu wanabeba matofali, wanakanyaga udongo, na kamera inatembea miongoni mwao kwa kimo cha mtu mzima. Hamza anaigeukia lenzi. Anaitazama katikati kabisa, anazungumza nayo kwa upole wa mtu wa nyumbani, ananyamaza kidogo kama anayesikiliza, kisha anaendelea kana kwamba amejibiwa. Kila aliyekaa mbele ya kiwambo ametazamwa machoni na ami yake Mtume na kuzungumzishwa kama Mtume. Mtazamaji hakuomba nafasi hiyo na hana haki nayo. Amewekwa hapo na mpiga picha.

Katika tukio la Ta'if mambo yanazidi. Mawe yanarushwa upande wa kamera, Zaid, aliyefuatana na Mtume, anahangaika kumkinga, na mtazamaji anajikuta ndani ya mwili unaopigwa. Waliokuwa wakibuni tukio hilo bila shaka walitaka uchungu wa siku ile umguse kila mtu. Lakini uchungu wa Ta'if katika sira una mwenyewe. Anayesomewa habari zake darasani humhurumia Mtume, humsalia, huona haya kwa waliomfanyia vile. Anayetazama Ar-Risala anapepesa macho kwa kuogopa jiwe. Huruma kwa mwingine imegeuzwa kuwa hofu ya nafsi, na kwa filamu ya dini hakuna hasara kubwa kuliko hiyo.

Ufundi wenyewe nao unakataa. Katika mazungumzo ya kawaida ya sinema mwigizaji hutazama kando kidogo ya lenzi, halafu mhariri hukata kwenda kwa anayezungumzishwa, naye hutazama kando ya upande wa pili. Kwa kubadilishana huko, mtazamaji huwa mtu wa tatu: yupo chumbani, anaona wote wawili, anapima maneno ya kila mmoja. Lenzi ikiwa jicho la mhusika, shoti ya pili haiji kamwe. Robert Montgomery alijaribu njia hiyo mwaka 1947 katika Lady in the Lake, karibu filamu nzima ikiwa ni macho ya mpelelezi mmoja, na matokeo yake yakawa waigizaji waliokodolea kioo macho bila kujua mikono waiweke wapi. Somo hilo lilikuwa na umri wa karibu miaka 30 Akkad alipoanza kazi. Lilikuwepo kwa yeyote aliyetaka kulisoma.

Shoti ya pili ikikosekana, mazungumzo huanza kuchechemea. Kwa kuwa jibu halisikiki, anayezungumza hulazimika kulirudia au kulifafanua ili watazamaji wajue kilichosemwa. Maneno mazito yanafika yakiwa yamepita mdomo wa pili, na mwigizaji anafanya kazi ya mfasiri badala ya kazi ya mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza. Pengo la kimya kati ya swali na jibu limewekewa muziki mwororo ili kuashiria heshima. Muziki wa aina hiyo humwambia mtazamaji ahisi nini kabla hajahisi chochote, na ni ugonjwa uliokwisha kuziharibu filamu nyingi za dini za Mashariki na Magharibi.

Pengo hilo lina hatari ya pekee pwani ya Afrika Mashariki. Vibanda vya video vilizoea mtafsiri wa papo kwa papo, anayezungumza juu ya filamu tangu jina la kwanza mpaka la mwisho na asiyevumilia sekunde 5 za kimya. Desturi hiyo imeziua filamu nyingi nzuri. Mbele ya Ar-Risala inakuwa jambo la hatari hasa: mtafsiri akiliona pengo atalijaza, na atakalolijaza ni maneno ya kubuni yanayonasibishwa na Mtume. Wanazuoni wametumia karne nyingi kuchuja hadithi kwa isnadi, mtu kwa mtu, ili jambo hilo lisitokee. Filamu iliyoacha tundu hapo imempa fursa mtu wa maikrofoni.

Lamu ilikuwa ikilijua jawabu la tatizo hili kabla ya kamera kufika. Katika Mfungo Sita, Maulidi yanaposomwa, yawe ya Barzanji au yale ya Habshi yaliyoenea Lamu kutokana na juhudi za Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha, msomaji akifika kwenye kuzaliwa kwa Mtume watu wote husimama. Marashi hunyunyizwa, ubani hufukizwa, sauti hupanda pamoja. Anayesalimiwa haonekani, wala hakuna anayemwigiza. Nafasi yake iko mbele ya watu, nao wanaielekea. Hapo ndipo utaratibu wa kisimamo ulipomshinda Akkad. Kisimamo kinamweka muumini upande wa anayesalimu, ilhali lenzi ya Ar-Risala inamweka upande wa anayesalimiwa. Katika adabu hakuna umbali mkubwa kuliko huo.

Washairi wa Pate, kisiwa hicho hicho chenye Kizingitini, nao walikuwa mafundi wa kuonyesha asiyeonekana. Bwana Mwengo, katika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, anamleta Mtume kwa kauli na kwa athari: anasema, na maswahaba wanasimama, wanalia, wanatandika farasi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alikwenda mbele zaidi. Alitaka kuonyesha mauti ya matajiri wa Pate, na hakuwaonyesha wafu. Alionyesha nyumba zao: vidaka vilivyokuwa na vyombo vya thamani sasa vina makinda ya ndege, popo wametawala juu, buibui wametanda kuta. Msikilizaji anaingia chumba baada ya chumba, na kila kitu kinamtaja mwenye nyumba asiyekuwepo. Huo ni uhariri wa picha uliotimia, uliofanywa kwa wino. Mwongozaji yeyote wa filamu za kiroho angeanza kwa kuusoma kabla ya kushika kamera, angeokoa fedha na heshima.

Katika sinema yenyewe, William Wyler alikwisha kulitatua jambo hili mwaka 1959 katika Ben-Hur. Pale Nazareti, Yuda, mhusika mkuu, amefungwa minyororo, kiu imemwangusha, na askari wa Kirumi amekataza asipewe maji. Fundi seremala wa kijiji anampa. Uso wa seremala hauonyeshwi hata mara moja. Kinachoonekana ni mgongo wake na mkono wake. Askari anakuja kwa ukali kumzuia, anamtazama, na kitu kinavunjika usoni mwake. Anageuka, anasita, anatazama tena, anaondoka. Kamera imekaa kwa shahidi, na utukufu umesomwa kwenye uso wa adui. Kwa filamu ya Kiislamu mgongo na mkono visingekubalika, lakini kanuni ilikuwa tayari: mwonyeshe aliyemwona.

Akkad mwenyewe aliijua kanuni hiyo, na hilo ndilo linalofanya kosa lake liwe gumu kusamehewa. Ali hatokei; katika mapambano ya Badr huonekana upanga wake wenye ncha mbili, na hakuna mtazamaji anayeuliza mwenyewe yuko wapi. Katika baraza la Najashi, mfalme wa Habasha, swahaba Ja'far anasimama mbele ya mfalme na kusoma habari za Maryam, machozi yanajaa, na mfalme anachora mstari sakafuni kwa fimbo kuonyesha jinsi tofauti ilivyo ndogo. Mtume yuko ng'ambo ya bahari, na hakuna mahali katika filamu nzima anapohisiwa karibu kama hapo. Bilal wa Johnny Sekka chini ya jiwe, na baadaye akipanda kuadhini, ni kazi safi. Picha za jangwa za Jack Hildyard zinastahili sifa, na muziki wa Maurice Jarre uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Walioifuata Ar-Risala hawakujifunza. Majid Majidi, katika filamu yake ya mwaka 2015 juu ya utoto wa Mtume, aliiondoa lenzi kwenye macho akaiweka nyuma ya kisogo, akaonyesha mwili wa mtoto na kuuficha uso kwa mwanga. Mabishano yakazuka, na haki ilikuwa yao waliolalamika, kwa kuwa uso uliofichwa kwa nguvu nyingi namna hiyo huwa kitu cha kudadisiwa. Majidi huyo huyo, mwaka 1999, alimaliza Rang-e Khoda kwa kiganja cha mtoto kipofu kinachoguswa na mwanga, na akasema kwa shoti moja yale ambayo bajeti kubwa ya baadaye haikuweza. Filamu za majini za Bongo ziko nyuma zaidi: unga mweupe usoni, moshi na mwangwi wa sauti ndivyo vimechukuliwa kuwa ulimwengu wa ghaibu, na pwani ndiyo inayotwikwa lawama ya uchawi.

Kutokana na hayo, namna ya kuitumia Ar-Risala kijijini inajieleza. Kizingitini ni mji wa wavuvi, na wakati wa kusi, bahari inapochafuka na mashua nyingi kukaa pwani, ndio wakati wenye nafasi. Ukuta uliopakwa chokaa unafaa kuliko shuka, kwa kuwa kusi hulipeperusha shuka na kuvuruga nyuso za waigizaji. Toleo la Kiarabu lipewe kipaumbele, kwa sababu waliosoma chuoni watayatambua maneno ya Qur'ani yalivyo. Mtafsiri azungumze kabla na baada ya tukio, na kwenye mapengo ya lenzi anyamaze kabisa. Baraza la Najashi lionyeshwe na kujadiliwa kwanza, kisha Ta'if, ili watu wapime wenyewe: wapi walimsogelea Mtume, na wapi walisukumwa kwenye nafasi yake. ZIFF, tamasha la Zanzibar lililoanza mwaka 1998, limekuwa likipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, na hivyo kuna mfano wa karibu wa sinema kuwafuata watu walipo.

Vijana wa Pate wanaopiga picha kwa simu wana kanuni moja ya kushika kutoka katika kosa hili. Mtukufu asiyeonyeshwa aachiwe nafasi mbele ya kamera, kwenye nyuso za waliomwona na vitu alivyoviacha, na kamera ibaki upande wa waja.