Maneno ya Uzazi katika Umatengo na Pwani ya Ziwa Nyasa: Uhakiki

Mtu atokaye Mbinga mjini akapanda hadi Litembo, kisha akateremka mpaka Mbamba Bay na Liuli, hupita katika lugha kadha wa kadha: Kimatengo juu milimani, Kimpoto na Kinyanja karibu na maji. Lakini kadi, mabango na vitabu vya Serikali vinavyoeleza habari za uzazi vimeandikwa kwa Kiswahili kimoja, kile kilichotungwa Dar es Salaam. Maneno hayo ndiyo tuyapimayo hapa, wala si kwa ufasaha tu. Maana mwanamke huambiwa achague, naye hawezi kuchagua ila kwa kadiri alivyofahamu.

Tuanze na jina lenyewe, "uzazi wa mpango". Lilivyoundwa, mpango umekwisha kuwapo, na uzazi ni mali yake. Ni nani aliyepanga, neno halisemi. Kwa wanavijiji waliojifunza tangu zamani kwamba mpango ni kitu kishukacho kutoka juu, ukiwa wa miaka mitano au wa kuhamia vijijini, ukimya huo si jambo dogo. Tukisema "kupanga uzazi", kitenzi chadai mtendaji, na mtendaji ni mke na mume. Tena kupanga ni kazi aijuayo Mmatengo: katika kilimo cha ngoro mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba, na mwanamke huchimba mashimo na kuyafunika majani hayo kwa udongo. (Kwamba siku hizi vijana humwita hawara "mpango wa kando" ni balaa ambayo watungaji hawakuweza kuitabiri.)

Waliotangulia walikuwa na sikio jema zaidi. Chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 kilikuja kuitwa Chama cha Uzazi na Malezi Bora, yaani uzazi haukutajwa pasipo malezi. Na Mwalimu Nyerere, alipoueleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mwaka 1969, alitofautisha vivyo hivyo kuzaa, ambako hata mnyama huzaa, na kulea. Ni kichekesho tu kwamba ufupisho wa jina la chama ukawa UMATI, neno ambalo maana yake ni watu wengi waliosongamana. "Uzazi wa majira" nalo lilikuwa neno zuri, kwa kuwa mkulima hahitaji kufundishwa majira. Tena shamba la ngoro lina msimu wake wa maharage, msimu wake wa mahindi na muda wake wa kupumzika. Sioni kwa nini likaachwa kufifia.

Lakini hasara kubwa kupita zote ni ya neno ambalo halikupata hata kujaribiwa. Waswahili wana kitenzi "kubemenda". Mtoto anyonyaye aliyedhoofika, akakawia kutembea, husemwa kwamba amebemendwa: wazazi wake wamerudiana mapema mno, au mmoja amekwenda nje, au mama amepata mimba nyingine kabla ya kumwachisha ziwa. Waganga wa hospitali walilikataa neno hili kwa sababu laeleza chanzo visivyo, kwani tendo la ndoa haliharibu maziwa. Ni kweli. Tena neno hili limetumika kuwashutumu wanawake, na mwenye kulirudisha sharti aliondolee mwiba huo. Lakini ndani yake mna maarifa yaliyo sahihi, kwamba mimba ya haraka humdhuru mtoto aliyeko mkononi. Na Shirika la Afya Duniani lilipofanya mashauri yake mwaka 2005 lilishauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kuzaa ndipo atafute mimba nyingine. Daktari Cicely Williams alipokuwa Gold Coast, Ghana ya leo, hakuwa na kiburi hicho. Alisikia kwa Waga jina la ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa ziwani kwa ajili ya mdogo wake, akalipeleka Uingereza, na tangu 1935 ulimwengu mzima wasema kwashiakori. Kama Kiga kilifaa katika vitabu vya tiba, Kiswahili kilikosa nini?

Badala yake tumepewa "kitanzi". Kamusi ya Johnson ya 1939 yatuambia kitanzi ni tundu la kamba, lakini pia mtego na kamba ya kunyongea; na wavuvi wa ziwani wanajua kamba hutumika kwa nini. Umbo la chombo cha kwanza lilikuwa kitanzi kweli. Chombo cha leo, chenye umbo la herufi T, sicho. "Vijiti" viwekwavyo mkononi havimtishi mtu.

Sitasema kwamba maneno ndiyo yaliyoukwamisha utumiaji wa njia za kisasa, ambao kwa wanawake walioolewa nchini ulikuwa asilimia 32 mwaka 2015–16 na 31 mwaka 2022. Yako mengine, mwaka 1968 Papa Paulo VI alizikataza njia hizo, na hospitali ya Litembo ni ya Kanisa Katoliki, tena Septemba 2018 Serikali yenyewe ilisimamisha matangazo yake ya redio na televisheni. Hata hivyo "njia za asili" za Kanisa, yaani kuhesabu siku na kuzichunguza dalili za mwili, zinaweza kusikika kijijini kama dawa za asili, yaani mizizi na majani. Na hapo mtu anaweza kuzaa kwa kosa la kivumishi.

Baya kuliko yote ni "kufunga kizazi". Kizazi ni tumbo la uzazi, na kizazi ni watu wa ukoo wazaliwao baada yetu. Katika Umatengo ardhi ilishikwa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito, na ntambo ilikuwa ya ukoo mmoja, babu hadi wajukuu. Mwenye ntambo aambiwapo kwamba mkewe atafungwa kizazi, asikie nini? Kiswahili kina "mji wa mimba" tangu zamani. Tena kinachofungwa si mji huo bali ni mirija tu. "Kufunga mirija ya uzazi" lina maneno mawili zaidi, na karatasi ya ridhaa ina nafasi ya kutosha.