Istilahi za Ardhi na Haki ya Makazi: Mfano wa Malambo

Tangu mwaka 2021, Sheria ya Tafsiri ya Sheria ilipofanyiwa marekebisho, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania. Mabadiliko hayo yalisubiriwa kwa muda mrefu, nasi tunayapongeza. Lakini yameongeza uzito wa kazi ya mfasiri. Zamani istilahi ya Kiswahili ilikuwa msaada tu kwa msomaji asiyejua Kiingereza, na penye utata watu walirejea matini ya asili. Sasa istilahi yenyewe ndiyo sheria. Ikiwa ina kasoro, kasoro hiyo humfuata mwananchi mpaka mlangoni kwake.

Katika makala haya twakusudia kuzipima istilahi chache zinazotumika katika kugawa ardhi na kupanga matumizi yake. Kipimo chetu ni chepesi. Tunajiuliza: mwanakijiji akiisikia istilahi hii ikisomwa katika mkutano wa hadhara, ataelewa kama anaruhusiwa kujenga, kulima au kuchunga mahali hapo? Na ataelewa ni nani aliyeamua hivyo? Tumeichagua kata ya Malambo, wilayani Ngorongoro, kwa sababu huko majibu ya maswali hayo yamebadilika mara kadhaa, na nyakati nyingine yamebadilika bila jina la ardhi kubadilika.

Malambo ni nchi ya wafugaji. Pamoja na kata jirani kama Piyaya, Arash na Ololosokwan, ilikuwamo kwa miaka mingi katika eneo lililoitwa Pori Tengefu la Loliondo. Mwezi Juni 2022 Serikali ilisimika vigingi vya mipaka katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,500, likatangazwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti. Mwezi Oktoba mwaka huo huo eneo hilo lilipandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Mwezi Septemba 2023 Mahakama Kuu mjini Arusha ilitamka kuwa tangazo la kwanza, lile la Waziri, halikufuata sheria, kwa kuwa mashauriano yaliyotakiwa hayakufanyika. Si kazi yetu hapa kuamua shauri hilo upya. Kazi yetu ni kuyatazama maneno.

Tuanze na pori tengefu. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 12 ya mwaka 1974, kilichodhibitiwa katika pori tengefu kilikuwa uwindaji. Watu walikaa humo, wakajenga maboma, wakachunga mifugo yao, na vijiji vikaandikishwa. Ikaja Sheria Na. 5 ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo, kuchunga mifugo katika pori tengefu bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi ni kosa, na kilimo nacho kimezuiwa. Wakati huo huo sheria hiyo inamtaka Waziri ahakikishe kuwa ardhi ya kijiji haimo ndani ya mapori tengefu. Kwa hiyo maana ya jina hilo iligeuka kabisa: mahali pa watu na wanyama pakawa mahali pa wanyama bila mifugo. Jina lenyewe halikuguswa. Mzee aliyeishi katika pori tengefu mwaka 1980 na mjukuu wake aliyeambiwa mwaka 2022 kwamba haruhusiwi kuchunga katika pori tengefu wanatumia jina moja kwa vitu viwili vilivyo mbalimbali.

Kuna kasoro nyingine katika neno hilo, nayo ni ya kisarufi. Kiambishi -fu (au -vu) hutaja hali, hakitaji tendo. Maji huwa matulivu, hesabu huwa pungufu, na pori huwa tengefu, kana kwamba lilizaliwa hivyo. Tukisema “pori lililotengwa”, papo hapo msikilizaji atauliza: limetengwa na nani, lini, kwa ajili gani? Kivumishi kinayafunika maswali hayo yote. Katika ushairi jambo hilo laweza kuwa pambo. Katika tangazo la serikali ni upungufu.

Istilahi ya pili ni ardhi ya hifadhi. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inaigawa ardhi yote ya Tanzania, ambayo Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Fungu la tatu ni pana. Ndani yake zimo hifadhi za taifa, misitu na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lakini pia zimo ardhi zilizowekwa kando kwa ajili ya barabara na kwa ajili ya mipango ya miji. Kuhifadhi kwa Kiswahili ni kutunza kitu kisipotee wala kisiharibike: twahifadhi chakula, twahifadhi Kurani moyoni, twahifadhi siri. Mwenye nyumba ya Dar es Salaam aliyechorewa alama nyekundu ukutani kwa kuwa amejenga katika “hifadhi ya barabara” haoni kinachotunzwa. Anaona nafasi iliyowekwa akiba kwa matumizi ya baadaye. Ni kweli kwamba neno hili limekwisha kuzoeleka, wala hatudhani litang'oka kwa urahisi. Lakini neno moja linapobeba kutunza, kuweka akiba na kukataza watu, anayelitumia hana budi kusema kila mara ni lipi kati ya hayo matatu analolikusudia.

Ya tatu ni matumizi bora ya ardhi. Nchi yetu ina Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, na ina Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Katika majina hayo mawili neno “bora” halimo. Limeingia katika hotuba, katika mafunzo ya maofisa na katika mabango, hata sasa ni nadra kusikia “mpango wa matumizi ya ardhi” bila “bora” kuongezwa. Hili si jambo dogo. Mpango ni pendekezo, nalo hujadiliwa. Kilicho bora kimekwisha kushinda kabla mkutano haujafunguliwa, na anayekipinga huonekana anapinga ubora wenyewe. Tunashauri neno hilo lifutwe katika nyaraka rasmi, mpaka wanakijiji wenyewe watakapoukagua mpango wao na kuona unastahili sifa hiyo.

Jirani ya “bora” yupo mwenzake, “isiyotumika”. Sheria ya Ardhi inaiingiza katika ardhi ya jumla ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo huo wa 1999, haina maneno hayo. Kwa mkulima, shamba lisilo na zao laweza kuitwa halitumiki. Kwa mfugaji sivyo. Wamaasai huacha sehemu ya malisho, alalili, isiguswe wakati wa mvua ili ndama na mifugo dhaifu wapate majani wakati wa kiangazi. Kuacha huko ndiko kuitumia. Ofisa asiyelijua neno alalili ataandika “isiyotumika” kwa moyo safi kabisa, na kwa kalamu hiyo haki ya kijiji itakuwa imetiwa shakani.

Hapo ndipo makazi yanapoingia. Mfugaji ana boma lake, enkang, na ana ronjo, kambi anayohamia na mifugo katika msimu fulani. Katika nyaraka ronjo huandikwa “makazi ya muda”. Ni sahihi kwamba nyumba zake hukaliwa kwa muda. Si sahihi kwamba haki ya kuja mahali pale ni ya muda, kwani familia hurejea msimu hadi msimu, kizazi hadi kizazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema haki ya kimila ya kukaa katika ardhi ina hadhi sawa na ile inayotolewa kwa hati ya serikali. Neno “muda” linaishusha hadhi hiyo pasipo kifungu chochote kubadilishwa, na siku ya kuhesabu fidia tofauti hiyo huweza kuonekana. Tunapendekeza “makazi ya msimu”. Vivyo hivyo neno “mvamizi” limfae mtu aliyeingia ndani ya mpaka uliokwisha kuwapo. Ambaye mpaka ulimkuta nyumbani kwake hakuvamia kitu, na Kiswahili hakikosi maneno ya kumtaja: ni mkazi.

Huenda tukaambiwa kwamba mfasiri si mtunga sheria, na kwamba istilahi nzuri haimrudishii mtu malisho yake. Twakubali. Neno halina jeshi wala mahakama. Hata hivyo, mtu hawezi kuitetea haki asiyoweza kuitaja, wala mtumishi wa serikali hawezi kutekeleza kwa haki amri aliyoielewa nusu. Sheria ikiwa kali, na isomeke kuwa kali. Ikiwa na utata, utata uonekane, upelekwe bungeni au mahakamani, usizikwe katika kivumishi.

Kwa hiyo tunalo ombi kwa Baraza na kwa wafasiri wa sheria. Kwanza, maana ya istilahi ya kisheria ikibadilika, jina nalo libadilike, au angalau mwaka wa sheria utajwe kando yake. Pili, maneno ya wafugaji kama alalili na ronjo yaingizwe katika orodha za istilahi za ardhi, yapewe maana zake kamili, kama yalivyoingizwa maneno ya wakulima na wavuvi. Tatu, kabla istilahi ya ardhi haijasanifiwa, isomwe kwanza mbele ya watu watakaoishi chini yake, na waulizwe wameelewa nini. Mkutano wa namna hiyo hauhitaji gharama kubwa, na Malambo pangekuwa mahali pazuri pa kuuanzia.