Matufaha ya Mwalimu Escalante

Nimeitazama filamu ya Stand and Deliver mara tatu, na kila mara kwa macho mengine. Mara ya kwanza nilikuwa kapera, nikaipenda bila masharti. Mara ya pili nilionyeshwa kipande chake kifupi katika bwalo la shule ya msingi, nimekalia kiti kilichotengenezewa mtoto wa miaka tisa, magoti yananikaribia kidevuni. Mara ya tatu niliitazama peke yangu usiku, muda mrefu baada ya kutia sahihi karatasi ambayo mpaka leo sina hakika kama nilipaswa kuitia. Insha hii imetokana na mara mbili hizo za mwisho.

Kwa msomaji ambaye hajaiona: filamu hii ilitoka Marekani mwaka 1988, ikaongozwa na Ramón Menéndez, na mhusika mkuu, mwalimu Jaime Escalante, ameigizwa na Edward James Olmos. Escalante hakuwa mtu wa kubuniwa. Alizaliwa Bolivia, akafundisha huko, akahamia Marekani katika miaka ya sitini, na mwaka 1974 akaanza kazi katika shule ya sekondari ya Garfield, mashariki mwa Los Angeles, shule ya watoto wa wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Mexico. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifaulu mtihani wa kalkulasi ambao hata watoto wa matajiri huuogopa. Waliotunga mtihani wakawashuku 14 kati yao kwamba wameibia. Kumi na wawili wakakubali kuurudia, wakafaulu wote. Hicho ndicho kisa, na ni kisa cha kweli.

Sasa nirudi bwaloni. Ilikuwa mwaka 2016, katika jimbo la Maryland, ambako mimi na mke wangu tulihamia kutoka Tanzania kabla binti yetu hajazaliwa. Shule ilikuwa imetuita wazazi wa watoto ambao majaribio yalionyesha kuwa wanafaa kuingizwa katika darasa la hesabu la mwendo wa kasi. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: hesabu za darasa la 4, la 5 na la 6 zinabanwa, zinafundishwa kwa miaka miwili badala ya mitatu. Mtoto akishavuka hapo, anaanza aljebra darasa la 7, anafuata jometri, na akifika darasa la 11 anakuwa kwenye kalkulasi. Kila mzazi mle ndani alijua kwa nini kalkulasi inatajwa mbele ya watoto ambao bado wanapoteza kofia zao kwenye basi la shule. Vyuo vikuu vinavyosifika hupenda kuiona kwenye cheti. Njia ya kwenda chuo ilikuwa inaanzia kwenye meza ile ya chakula.

Wazazi waliuliza maswali, tena maswali ya maana. Mama mmoja alitaka kujua ni kitu gani kitakachoachwa. Akajibiwa kwamba hakuna kinachoachwa, kila kitu kinabanwa tu. Baba mmoja akauliza mtoto akilemewa atarudi vipi katika darasa la kawaida. Akaambiwa ni mapema mno kuwaza hilo. Mwingine alisema mwanawe anazipenda hesabu sana na anaogopa asije akazichukia. Huyo hakujibiwa. Taa zikazimwa, tukaonyeshwa kile kipande cha filamu.

Ni kipande maarufu. Escalante anaingia darasani amevaa aproni na kofia ya mpishi, mkononi ana kisu kikubwa cha buchani, anakata matufaha juu ya meza kwa kishindo. Kila mwanafunzi anapewa tufaha lililokatwa, naye anapita akiwauliza wameshika kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Wanacheka, wanajibu, wanaanza kumtazama. Halafu taa zikawashwa na mtaalamu wa wilaya akatuambia kwamba siri yote iko katika neno moja ambalo mwalimu huyu hulirudia, ganas, neno la Kihispania lenye maana ya hamu au ari. Mtoto akiwa na hamu, akasema, hakuna hesabu iliyo mbali naye. Karatasi zikagawiwa.

Weusi mle ndani tulikuwa sisi wawili na mama mmoja aliyetoka Sierra Leone. Mke wangu alininong'oneza, “Baba, tukikataa sisi, watasema watoto wetu hawawezi. Tia sahihi.” Nikatia.

Hoja yangu juu ya filamu hii ilinijia nilipoitazama mara ya tatu, nikashangaa kwamba sikuiona bwaloni. Wale vijana wenye matufaha ni wanafunzi wa sekondari. Wengine wana masharubu. Na somo wanalofundishwa ni sehemu: nusu, robo, robo tatu, asilimia. Kwa maneno mengine, mwalimu huyu, ambaye jina lake limekuwa kama wimbo wa mwendo wa kasi, tunamwona akifanya kinyume kabisa cha kasi. Anarudi nyuma. Amewakuta vijana waliokwisha kupitishwa mbio kwenye sehemu, wakapewa namba za darasa la mbele huku mikono mitupu, naye anawarudisha pale walipoangukia, anawakatia tunda. Hali kadhalika anapofundisha namba hasi: anamwuliza kijana mmoja mkorofi kama amewahi kuchimba shimo ufukweni. Mchanga uliotoka ni chanya, shimo ni hasi. Ukiurudisha mchanga, shimo linajaa, unapata sifuri. Hakuna kukimbia hapo. Kipande kile kilichoonyeshwa ili kututia moyo tuwapitishe watoto wetu haraka kwenye sehemu, kwa hakika kinaonyesha gharama ya kupitishwa haraka kwenye sehemu.

Nilisoma darasa la 3 katika shule ya kijijini. Mwalimu wetu alikuja na mua mrefu na panga. Alihesabu pingili nane, akaukata katikati, akatuuliza nusu ya pingili nane ni ngapi, na nusu ya hiyo nusu, mpaka mua ukaisha na kila mtu akawa na kipande chake mdomoni. Kwa hiyo matufaha ya Escalante hayakunishangaza sana. Walimu wazuri hufanana.

Filamu yenyewe ina kosa lake, na kosa hilo ndilo lililompa mtaalamu wa wilaya nafasi. Limo katika muda. Mtunzi amebana, kama ilivyobanwa mitaala ya binti yangu. Tunamwona mwalimu mgeni, tunaona matufaha, likizo moja ya joto kali, kisha mtihani. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba watoto waliokuwa hawajui asilimia walifika kwenye kalkulasi kwa mwaka mmoja au miwili. Haikuwa hivyo. Escalante alianza Garfield mwaka 1974, na darasa lake la kwanza la kalkulasi halikuwapo mpaka mwaka 1978. Ilimchukua miaka kadhaa kutambua kwamba kalkulasi haiwezekani bila kurekebisha aljebra, wala aljebra bila kurekebisha kilichoko chini yake, na kuwatafuta walimu wenzake wa kuijenga ngazi hiyo pamoja naye. Mmoja wao alikuwa Ben Jimenez. Mkuu wa shule, Henry Gradillas, aliwakingia kifua. Katika filamu hatuwaoni. Tunaona shujaa mmoja, wenzake wamekunja mikono. Escalante mwenyewe alipata kusema kwamba filamu ni kweli kwa asilimia 90 na mchezo wa kuigiza kwa asilimia 10, na kwa maoni yangu asilimia 10 hiyo imeangukia mahali pabaya kuliko pote. Alipoondoka Garfield mwaka 1991 idadi ya waliofaulu ilishuka sana. Hamu ya watoto wa East Los Angeles haikuondoka naye. Kilichobomoka ni ngazi.

Neno hili la hamu lina ubaya wake pia. Kwa kijana wa miaka 17 aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hawezi, kuambiwa kuwa kinachohitajika ni ari ni kumfungua pingu. Kwa mtoto wa miaka tisa ni jambo jingine. Kama kinachohitajika ni hamu tu, basi anayeshindwa amekosa hamu. Katika mwaka wa pili wa darasa lile, jioni moja ya Jumapili, binti yangu alisukuma daftari pembeni akaniambia, “Baba, nadhani mimi ni mvivu.” Alikuwa amekaa mezani saa mbili nzima.

Na alikuwa anapata vema, hapo ndipo palipotupofusha. Wiki ile ile alileta jaribio la kugawanya sehemu kwa sehemu, amepata yote. Jumamosi mama yake alikuwa anakanda unga wa maandazi, akamwambia achote nusu kikombe ya sukari. Kikombe cha nusu hakikuonekana, kilikuwapo cha robo. “Chota kwa hiki. Utachota mara ngapi?” Mtoto akasimama. “Mara moja na nusu?” Nikamletea karatasi, nikamwandikia nusu gawanya kwa robo. Bila kusita akaigeuza ile ya pili, akazidisha, akaandika 2. Nikamwuliza, “Mbili nini?” Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. “Mbili tu. Ndiyo jibu.” Akaongeza kwamba hata yeye anaona ajabu, maana ukigawanya kitu kinapaswa kupungua.

Sikumlaumu yeye, wala sikumlaumu mwalimu wake, mama mpole aliyepewa miaka mitatu aibebe kwa miwili. Mwaka 1999 mtafiti Liping Ma alichapisha kitabu kuhusu walimu wa hesabu wa shule za msingi wa China na wa Marekani. Moja ya kazi alizowapa ilikuwa kugawanya moja na robo tatu kwa nusu, kisha kutunga hadithi ambayo jibu lake lingekuwa hilo. Walimu wa China walikuwa 72, na wote walikokotoa sawasawa. Wa Marekani walikuwa 23, na hawakufika nusu waliopata jibu kamili. Kwenye hadithi aliyefanikiwa alikuwa mmoja. Na hao wa China walikuwa na miaka michache zaidi ya masomo kuliko hao wa Marekani. Walichowazidi ni kuyajua kwa undani mambo ya mwanzo, yale ambayo mwendo wa kasi huyaona kama kituo cha kupita tu. Ndiyo maana jibu la bwaloni, kwamba hakuna kinachoachwa, lilikuwa kweli na si kweli. Kugawanya sehemu hakukuachwa. Kilichoachwa ni kikombe cha robo.

Lakini nisije nikaonekana nawapigia debe wale wanaotaka watoto wote watembee kwa hatua moja. San Francisco walijaribu. Mwaka 2014 wilaya ya shule za mji ule iliondoa aljebra darasa la 8 kwa kila mtoto, kwa nia njema ya kuondoa matabaka. Wazazi wenye uwezo wakanunua masomo nje, wasio na uwezo wakabaki wakisubiri, na mwaka 2024 bodi ikaamua kuirudisha. Mtoto aliye tayari akizuiliwa naye anaumia. Na hapa ndipo ninapoiheshimu filamu hii hata baada ya kuikosoa. Inasimama upande wa watoto ambao watu wazima wameamua mapema kwamba hawawezi. Kile alichoninong'oneza mke wangu bwaloni ni dhamira ya filamu nzima, na hakukosea. Mimi nilitaka mtoto aelewe, yeye alitaka mtoto asihesabiwe katika wasioweza, na katika nchi ile mambo hayo mawili yaliwekwa kwenye karatasi moja yenye nafasi ya sahihi moja.

Baada ya yale maandazi tulikwenda shuleni kuomba ahamishwe. Tukaambiwa inawezekana, ila akishatoka ni vigumu kurudi. Tulipomweleza binti yetu alikataa katakata. Yule binti wa mama wa Sierra Leone angebaki peke yake, akasema. Hatukuwa tumelifikiria hilo. Akabaki, na Jumamosi zikawa za kukata vitu: mikate, machungwa, mara moja sabuni ya kipande, jambo ambalo mama yake hakulipenda. Mwaka wa mwisho wa shule ya msingi haukuwa wa raha. Kalkulasi aliifikia darasa la 11 na akafaulu wastani. Ukimwuliza kama anaipenda hisabati, anabadili mazungumzo.

Mwaka uliopita tuliitazama filamu pamoja, ambayo kwangu siihesabu kuwa mara ya nne, kwa kuwa nilikuwa namtazama yeye. Alicheka kwenye matufaha. Filamu inamalizika kwa namba za wanafunzi wa Garfield waliofaulu kalkulasi, zikipanda mwaka hadi mwaka, kuanzia 1982 hadi 1987. Akaniuliza kwa nini zinaanzia 1982, kama mwalimu alikuwapo tangu 1974. Nikamweleza juu ya lile darasa la kwanza la kalkulasi: lilianza na wanafunzi 14, na waliofika mwisho walikuwa watano. Akataka kujua wale tisa walikwenda wapi.

Nilimwambia kwamba filamu haisemi.